Mji, Hame, na Kilicho Kati Yake: Funzo la Tabora na Bukene

Lugha ya Kiswahili haikupungukiwa na maneno ya kutaja makao ya watu. Kuna kitongoji, kijiji, mtaa, kiunga na mji. Na kwa mahali palipohamwa na wenyewe kuna hame na ganjo, ambapo hubaki vigae, misingi ya kuta na miti ya matunda isiyo na mchumaji. Lakini kati ya mji uliojaa na hame lililo kimya ipo hali ya tatu ambayo haikupewa jina. Hiyo ni hali ya mji uliopungukiwa na watu, lakini ambao bado una wenyewe, una soko, una visima, na una watoto waendao shule. Kwa kuwa hali hii haina jina, hudhaniwa kuwa maradhi, na mji unaopungua hutazamwa kama mgonjwa ambaye watu wamekaa wakingoja ama apone ama afe. Historia ya Unyamwezi, khasa ya Tabora na ya miji midogo iliyo juu ya njia zake kama Bukene, yaonyesha kuwa dhana hiyo ina upungufu. Mji waweza kupungua ukaishi, na kuishi kwa heshima, ikiwa umejengwa na kuongozwa kwa namna inayokubali kupungua.

Tabora haikuanza kama mji wa kuta na malango. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kama wasafiri walivyopaita mahali hapo, mnamo Novemba 1857, walikuta matembe makubwa machache yaliyotawanyika. Kila tembe lilikuwa na ua katikati, ghala za pembe na nguo, bustani, na vibanda vya watumwa. Na kati ya tembe moja na jingine palikuwa na mashamba na vijiji vya wenyeji. Burton aliandika kuwa Waarabu waliokaa Unyanyembe hawakuzidi 25 kwa kawaida, na kwamba majira ya safari au ya vita yalipowadia walishuka hata wakawa watatu au wanne. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 alikisia nyumba zaidi ya elfu moja na watu 5,000. Mahali hapo palikuwa njia panda. Njia moja ilitoka pwani, nyingine ilikwenda Ujiji, nyingine ilielekea kaskazini Karagwe na Uganda, na nyingine kusini magharibi kuelekea Ufipa. Misafara ilitua hapo, ikabadilisha wapagazi, ikangoja mvua zikatike, kisha ikaondoka.

Kwa hiyo Tabora ya zamani ilikuwa mji uliojaa na kupwa kama bahari. Mwezi mmoja nyua zake zilijaa maelfu ya wageni, na mwezi mwingine zilibaki na wanawake, wazee na walinzi. Hali hiyo haikuuvunja mji, kwa maana ujenzi wake uliilingana. Tembe lilijengwa kwa miti na udongo, na dari yake ilikuwa ya udongo pia. Likiachwa, miti yake ilichukuliwa kwa jengo jingine au kwa kuni, na udongo wake ulirudi kuwa shamba. Nafasi iliyobaki haikuwa aibu machoni pa wapitaji, kwa sababu katika mji uliochanganyika na mashamba tangu mwanzo, tembe likiondoka hubaki shamba, na shamba si kidonda. Mambo ya kudumu yalikuwa machache. Palikuwa na maji ya visima yaliyopatikana karibu, palikuwa na njia zilizokutana, na palikuwa na miti ya matunda, khasa miembe, ambayo ilipandwa mjini na kando ya njia za misafara, na ambayo mingi yake ilidumu kuliko nyumba zilizojengwa chini yake.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa na elimu yao ya jambo hili kabla ya kufika kwa wafanya biashara wa pwani. Makao ya mtemi yaliitwa ikulu, neno ambalo leo kila Mtanzania analijua kama jina la makao ya Rais. Katika desturi ya zamani ikulu haikufungwa mahali pamoja milele. Aghalabu mtemi mpya alijenga ikulu yake, na watu wa karibu walimfuata, na mahali pa zamani pakapungua au pakawa hame. Mfano mkubwa ni Iselamagazi, mji wa Mirambo katika Urambo. Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 na kuichoma sehemu ya mji wao, alikusanya watu wengi kwa nguvu ya jina lake na kwa utawala wake juu ya njia ya Ujiji. Alipofariki mwezi wa Desemba 1884 dola yake ililegea, na mji wake ukapoteza sababu ya ukubwa wake. Tabora, ambayo haikutegemea mtu mmoja, ilibaki. Tofauti ya miji hii miwili yaeleza mengi, kwani mji uliokusanywa na mtu hutawanyika naye, bali mji uliokusanywa na maji na njia huweza kumpoteza hata mtawala wake na usivunjike. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alishindwa na Wajerumani na kufa mwezi wa Januari 1893, lakini Tabora iliendelea kukua.

Haifai kusimulia ukubwa wa Tabora bila ya kutaja ulitokana na nini. Pembe za ndovu na watumwa ndizo bidhaa zilizoujaza mji. Sehemu kubwa ya watu waliohesabiwa humo hawakufika kwa hiari yao, na wengine waliishi humo kwa kuwa hawakuruhusiwa kwenda kwingine. Mwaka 1922, sheria ya Waingereza ilipouondoa utumwa katika Tanganyika, kuondoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa kulikuwa ni kupungua kwa mji katika daftari, na kulikuwa ni uhuru kwa aliyeondoka. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila anayehuzunika juu ya hesabu zilizoshuka. Kabla ya kuuliza watu wangapi wameondoka, yafaa kuuliza kwa nini walikuwapo.

Katika zama za utawala wa Wajerumani Tabora ilifikia kilele chake. Makisio ya wakati huo yaliitaja kuwa na watu zaidi ya 30,000, na ilihesabiwa kuwa mji mkubwa kuliko yote katika koloni lile, kuliko hata Dar es Salaam iliyokuwa makao makuu. Kisha ilifika reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mtu angedhani kuwa reli ingeukuza mji ulioifikia. Lakini Tabora ilikuwa imekula kwa mabega ya wapagazi. Mwaka 1900 wapagazi wapatao 35,000 wenye mizigo waliondoka Bagamoyo na Dar es Salaam kwenda bara. Mwaka 1912 hawakufika hata 1,000. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache, na mgeni aliyekuwa akitua kwa majuma mengi sasa alipita usiku mmoja, au alipita bila ya kushuka. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mji wa njia uliponea wageni wake, na walipoacha kukaa, wenyeji nao walianza kuhama. Wanyamwezi waliozoea kubeba mizigo walikwenda kujenga reli yenyewe na kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani. Ikafuata vita ya 1914 hadi 1918, ambayo iliwachukua wanaume wengi kuwa wapagazi wa majeshi, na mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 mji ulikuwa na watu 15,000 na ziada. Hata kama makisio ya Wajerumani yaliingiza viunga na wageni wa misafara, mji ulikuwa umepungua sana.

Mambo kama haya yaliifika miji mingine ya njia ile, na kila mmoja ulijibu kwa namna yake. Bagamoyo, uliokuwa mwanzo wa safari, ulipoteza makao makuu mwaka 1891, kisha reli ikaanzia Dar es Salaam, nao ukabaki na majumba ya mawe ambayo hayakuweza kurudi kuwa udongo kama tembe la Tabora. Jumba la mawe likihamwa hubaki limesimama, hudai dari na mlango na mlinzi, na humlaumu kila apitaye. Ujiji, uliokuwa mwisho wa safari, uliona reli ikienda Kigoma kwa ajili ya bandari yake yenye kina, lakini watu wake hawakulazimishwa kuhama. Mji wa kale na mji wa reli uliishi jirani, na baadaye ukawa mji mmoja katika utawala na hata katika jina, Kigoma-Ujiji. Kwihara, karibu na Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, haukuwa tena mtaa wa wafanya biashara. Ulirudi kuwa mashamba, na tembe moja likahifadhiwa kuwa nyumba ya makumbusho. Basi katika njia moja msomaji aona majibu manne: kusimama kama gofu, kuungana na jirani, kurudi kuwa shamba na kuhifadhi kumbukumbu, na jibu la Tabora, ambalo ndilo lenye funzo kubwa.

Tabora ilipewa kazi nyingine. Karakana za reli zilikuwa hapo, na katika vita ndizo zilizofua sarafu za dhahabu za mwaka 1916 zenye picha ya tembo. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya serikali ambayo iliwalea vijana wengi waliokuja kuongoza nchi. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Seminari na matbaa ya misheni ya Kipalapala ziliufanya mji kuwa mahali pa vitabu na magazeti. Makao ya jimbo la Magharibi yalikuwa hapo, na reli ya tawi ilitoka hapo kwenda Mwanza, ikafika mwaka 1928. Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora na kukata shauri la kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, shauri ambalo limebaki katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Mji uliokuwa na nusu ya watu wake wa zamani, au pungufu, ndio uliokuwa mwenyeji wa siku kubwa kama hiyo. Upungufu wa watu haukuwa upungufu wa maana.

Kazi hizi zote zina sifa moja. Shule, karakana, seminari na makao ya jimbo hazipiti. Hukaa mahali, huhitaji watu wachache kuliko msafara, lakini huwahitaji mwaka mzima. Zilipata pia nafasi ya kukaa, kwa kuwa mji ulikuwa na viwanja, visima na vivuli vilivyoachwa na waliotangulia. Waliopanga Tabora baada ya reli hawakuacha maandishi ya kujivunia elimu ya kupunguza mji. Walifanya yaliyohitajiwa na wakati wao. Lakini matokeo ya matendo yao ni kwamba mji ulipungua pasipo kuvunjika, na ulipofika wakati wa kukua tena ulikuta mifupa yake ingali mizima. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha watu 21,000 hivi, na hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Manispaa ya Tabora ina watu zaidi ya 300,000. Mpango unaoweza kupungua ndio uo huo unaoweza kukua.

Kinyume cha funzo hili chapatikana katika miji iliyobuniwa kwa kukua tu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Barabara zilikatwa, nyumba zilijengwa, mashine zililetwa, na hesabu zote zilikwenda juu. Mwezi wa Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umekwisha, baada ya kupoteza kadiri ya pauni milioni 36. Hakuna aliyekuwa amepanga mahali hapo pangekuwa nini kama karanga zisingeota. Urambo iliokolewa na tumbaku na wakulima wake. Kongwa ilipata kazi nyingine mnamo mwaka 1964, ilipokuwa kambi ya wapigania uhuru wa nchi za kusini. Mpanda nayo ilijengewa reli kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 mji ungaliweza kuwa hame. Uliishi kwa kuwa makao ya wilaya, na tangu mwaka 2012 ni makao ya Mkoa wa Katavi. Miji hii mitatu iliokoka, lakini iliokoka kwa bahati na kwa maamuzi yaliyofika baadaye. Hapana busara katika kuutegemeza mji juu ya bahati.

Yapo pia makosa ya upande wa pili, yaani ya kuwakusanya watu kwa lazima ili waliopungua waonekane wengi. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliipata sehemu kubwa ya magharibi ya Tanganyika. Watu walipopungua pori lilirudi, na pori liliporudi mbung'o walirudi nalo, na utawala ukaona dawa ni kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwaweka katika makao ya pamoja yenye ardhi iliyofyekwa. Kwa afya mpango ule ulikuwa na sababu zake. Lakini nchi iliyoachwa ilizidi kuwa pori, na wengi hawakurudi walikotoka. Baada ya uhuru lilikuja jambo kubwa zaidi. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia katika vijiji. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, nayo ni kuwafikishia watu shule, maji na zahanati. Hata hivyo mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa, na baadhi wakapelekwa palipo mbali na mashamba yao na visima vyao. Kukusanya makao ni njia halali ya kupunguza gharama za huduma, lakini anayehamishwa bila ya kuulizwa huchukua mwili wake akaacha moyo wake. Mpango wa mji unaopungua usioanza na ridhaa ya waliobaki huwa ni hame lililocheleweshwa.

Dunia nzima sasa inajifunza mambo ambayo njia ya misafara ilikuwa imeyajua. Detroit katika Marekani ilikuwa na watu 1,850,000 hivi mwaka 1950, na mwaka 2020 ilikuwa na 639,000. Kwa muda mrefu wakuu wake walikataa kukubali kuwa mji umepungua, wakaendelea kulipia barabara, mabomba na taa za mji mkubwa kwa kodi ya mji mdogo, hata mwaka 2013 mji ukafilisika. Yubari katika Japani, mji wa makaa ya mawe uliokuwa na watu karibu 117,000 mwaka 1960, ulipofungiwa migodi yake ulijaribu kujenga viwanja vya starehe ili uonekane haujapungua, ukalemewa na madeni. Na baadaye, ukiwa na watu chini ya 10,000, ulichagua kuwasogeza waliobaki karibu na katikati. Leipzig katika Ujerumani ilishuka kutoka watu 530,000 mwaka 1989 hadi 437,000 mwaka 1998. Wakuu wake walifanya mapatano na wenye viwanja vitupu, ili umma uvitumie kwa bustani na mapito kwa muda, na mwenyewe asipoteze haki yake. Nyumba nyingine zilizokuwa tupu zilipewa watu wa kukaa bila ya kodi ya pango, kwa sharti la kuzilinda na kuzitunza. Mji ule ulipoanza kukua tena haukulazimika kuanza na magofu.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki mifano hii yaweza kuonekana ya mbali, kwa maana miji mikubwa ya nchi hizi inajaa kuliko inavyoweza kubeba. Lakini mji mkubwa hujaa kwa watu wanaotoka mahali, na mahali hapo mara nyingi ni mji mdogo au kijiji. Hapo ndipo swali la Bukene linapoingia.

Bukene ni mji mdogo katika wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora, juu ya reli iendayo Mwanza. Speke alipokwenda kaskazini kutoka Kazeh mwaka 1858, akalifikia ziwa kubwa mwanzoni mwa Agosti, alizipita nchi za upande huu wa Unyamwezi; lakini uzito wa Bukene ya leo umetokana zaidi na stesheni kuliko na msafara. Kwa miaka mingi stesheni ilikuwa ndiyo mlango wa nchi ya kando yake. Mazao yalipakiwa hapo, barua zilishushwa hapo, na aliyekwenda kutafuta kazi aliagwa hapo. Kisha barabara kuu ya lami ilipitia Nzega, na mabasi na malori yakachukua sehemu kubwa ya wasafiri na mizigo iliyokuwa ya reli. Kaskazini yake Isaka ilifanywa bandari kavu katika miaka ya 1990, kwa ajili ya mizigo ya Rwanda na Burundi, nayo ikawa na shughuli ambazo stesheni za katikati hazikuzipata. Mwaka 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kati ya Tabora na Isaka. Reli ya kasi ni neema kwa nchi, lakini asili ya treni ya kasi ni kutosimama kila mahali, na kinachopita kwa kasi hakiachi chakula kingi njiani. Tabora ililijua jambo hilo mwaka 1912.

Bukene si hame, wala haijahukumiwa kuwa hame. Lakini mji wa namna hii ukipangwa kwa dhana moja tu, ya kwamba reli italeta watu na watu wataleta nyumba, utapimiwa viwanja hadi mbali, utachorewa barabara nyingi, na kila mkazi atajenga mbali na mwenzake. Watu wasipofika kwa wingi uliotazamiwa, bomba la maji litapita kando ya viwanja kumi ili kufikia nyumba mbili, na gharama zake zitawaangukia wale wale wachache waliobaki. Hapo ndipo penye hatari ya kweli. Mji mdogo hauuawi na uchache wa watu. Huuawa na mzigo wa mji mkubwa uliotwikwa juu ya mabega ya wachache.

Njia ya misafara yafundisha utaratibu mwingine. Kwanza, vitu vya kudumu viwe vichache, vichaguliwe kwa makini, navyo ni maji, njia, vivuli, shule, zahanati na soko, na viwekwe karibu karibu, ili hata watu wakipungua viendelee kutumika. Pili, nafasi iliyo ndani ya mji ijazwe kabla ya kupima viunga vipya, na iliyo tupu isiachwe kuwa kichaka, bali iazimwe kwa jirani kwa bustani au shamba la msimu, na haki ya mwenyewe ilindwe. Kuazimana shamba ni desturi ya kale, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeyatambua mamlaka ya vijiji juu ya ardhi yao. Kinachohitajiwa ni mapatano ya wazi, yaandikwe, ili azimo lisigeuke kuwa ugomvi. Tatu, mji upewe kazi isiyopita na treni. Nchi ya Tabora ina mpunga na asali na mifugo, na penye mazao hapakosi nafasi ya ghala, ya mashine ya kukoboa, ya mnada na ya mafunzo ya ufundi. Nne, mabadiliko yoyote ya makao yaanze na mkutano wa wakazi, na asihamishwe mtu kwa ajili ya ramani.

Atokee mtu aseme kwamba kupanga kupungua ni kuutabiria mji kifo, na kwamba hakuna mfanya biashara atakayeweka mali yake mahali ambapo wakuu wenyewe wamekiri kuwa watu wanaondoka. Hoja hii si ndogo, kwa maana matumaini nayo ni mtaji. Lakini mfanya biashara mwenye akili haulizi mji utakuwa na watu wangapi katika ndoto. Huuliza kama maji yatatoka, kama njia itapitika masika, na kama waliopo wana kipato. Mji wa watu wachache wenye mambo hayo matatu humvuta kuliko mji ulioahidiwa wengi na ukakosa yote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukiri upungufu mapema ni kuziba ufa, na kuukana mpaka mji ufilisike ni kungoja ukuta uanguke.

Hakuna marefu yasiyo na ncha, na hakuna njia ya biashara iliyodumu bila ya kugeuka. Pembe za ndovu zilikwisha, mabega ya wapagazi yalipumzika, reli ya kwanza ilichukua nafasi ya msafara, lami ikachukua nafasi ya reli, na sasa reli mpya yaja. Kila badiliko litaujaza mji mmoja na kuupunguza mwingine, na aliyepunguzwa leo aweza kujazwa kesho. Wapangao miji midogo ya Unyamwezi hawawezi kuiamuru njia isigeuke. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba njia ikigeuka, waliobaki Bukene watakuta kisima kingali karibu, shule ingali wazi, soko lingali na kivuli, na kiwanja kitupu kilicho kando yao kimepandwa mahindi.